Hoteli za makasri ya kale India: safari hii hatuendi hospitali, tunaomba mwongozo

Mwalimu wa Nyegezi

Heshima kwenu wanajukwaa, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, makazi yangu ni Nyegezi, Mwanza. Mke wangu nami tumekwisha kufika India mara mbili, na mara zote mbili tulikwenda Chennai kwa ajili ya matibabu yake. Wengi wenu mnaifahamu safari ya namna hiyo: mtu anashuka ndege akiwa amekumbatia bahasha ya picha za eksirei, anapanga chumba jirani na hospitali, na kwa mwezi mzima nchi yote ile, pamoja na ukubwa wake, anaitazama kutoka ndani ya bajaji kati ya chumba na maabara. Siku ya mwisho ya safari ya pili, tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, mke wangu aliona ubavuni mwa basi picha ya jumba jeupe lililosimama katikati ya ziwa, akauliza kama ni jumba la kweli au ni mchoro. Dereva akamjibu kwamba ni hoteli, iko Udaipur, na zamani lilikuwa kasri la mfalme. Tangu siku hiyo Udaipur haijatoka kinywani mwake.

Mungu amemjalia, sasa ni mzima. Mwezi Januari tutatimiza miaka 35 ya ndoa, na watoto wetu wamechangiana ili twende tena India, mara hii kwa matembezi. Nauli ya ndege ikiwa kando, tumetengewa dola 4,000 za kulala, kula na kuzunguka kwa siku kumi na mbili. Wakala mmoja hapa mjini ametuandalia ratiba ya miji saba ndani ya siku tisa, na kwa kila usiku ameandika "hoteli ya kifalme" bila kutaja hoteli yoyote kwa jina. Jambo hilo halikunipa amani. Naomba kuelimishwa: hoteli hizi za makasri zikoje hasa, mtu atazitambuaje za asili, na je, mzee mwenye kipato kama changu anaweza kulala humo asirudi na madeni? Mzingatie pia kwamba goti la kulia la mke wangu halipatani na ngazi.

Dada wa Kapripoint

Mwalimu, shikamoo, na umfikishie mama salamu zangu za heshima. Nilisomea mambo ya hoteli Jaipur kwa miaka mitatu, na mafunzo ya vitendo niliyafanya katika nyumba moja ya kale Udaipur, kwa hiyo uniwie radhi nikiandika kwa urefu, kwa kuwa jambo hili liko karibu na moyo wangu.

Ratiba ya miji saba mrudishie mwenyewe. Jaipur hadi Udaipur peke yake ni kama kilomita 400, zaidi ya mara mbili ya Mwanza hadi Shinyanga, na Udaipur hadi Jodhpur ni kama 250. Mtu anayelala mji mpya kila usiku hulipia kasri kisha akaliona gizani, kwa sababu hufika jioni akiwa amechoka na huondoka alfajiri.

Ili uzielewe hoteli hizi, inafaa kujua zilikotoka. Waingereza walipoondoka mwaka 1947, India ilikuwa na tawala za wafalme wa jadi zaidi ya 560, baadhi zikiwa kubwa kama nchi na baadhi zikiwa ndogo kuliko tarafa. Wafalme hao waliingiza maeneo yao katika taifa jipya, nao kwa makubaliano wakawa wanalipwa posho na serikali. Mwaka 1971 katiba ilirekebishwa, posho zikafutwa na vyeo vyao havikutambuliwa tena kisheria. Mtu akabaki na jumba la vyumba mia, paa linavuja na watumishi wanadai mishahara. Kuna waliouza, kuna waliofunga milango popo wakaingia, na kuna walioanza kupokea wageni wa kulipa. Waliokuwa wameona mbali walitangulia: Maharaja Sawai Man Singh II wa Jaipur aliligeuza kasri lake la Rambagh kuwa hoteli mwaka 1957, na Maharana Bhagwat Singh wa Udaipur akafanya vivyo hivyo kwa jumba la ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo unapoona hoteli ya kasri, ujue kwamba mara nyingi hoteli ndiyo iliyolizuia jengo lisianguke.

Sasa jumba aliloliona mama kwenye basi. Jina lake la asili ni Jag Niwas, na leo linaitwa Taj Lake Palace. Lilijengwa kati ya 1743 na 1746 na Maharana Jagat Singh II kama nyumba ya mapumziko ya kiangazi. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana alimwomba baba yake ruhusa ya kustarehe na wenzake katika kasri jingine la kisiwani, Jag Mandir, baba akamjibu kwamba kama anataka kasri la ziwani basi ajenge lake. Akajenga. Kuta zimekifunika kisiwa chote hadi ukingoni, ndiyo maana ukilitazama kutoka nchi kavu huoni udongo hata kidogo, unaona marumaru nyeupe ikiinuka moja kwa moja kutoka majini.

Sisi watu wa Nyanza tunaweza kulitazama ziwa lile kwa macho ya wenyeji wa maji. Pichola si ziwa la asili kama letu. Ni bwawa lililozuiwa katika karne ya 14, kisha likapanuliwa mji ulipoanzishwa. Ni dogo, unaiona ng'ambo yake bila shida, na katika miaka ya ukame mkali limewahi kukauka hadi watu wakalifikia kasri kwa miguu. Januari kwa kawaida lina maji, kwa sababu mvua za monsuni huwa zimekwisha mwezi Septemba. Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi: wanawake wanafua nguo kwenye ngazi za mawe zinazoshuka ziwani, wanazipiga kwa kibao cha mti, na ule mlio unavuka maji, unagonga kuta nyeupe za kasri, kisha unarudi ukiwa umechelewa kidogo, kana kwamba kuna mfuaji mwingine upande wa pili.

Kuhusu bei, nitakuambia wazi. Januari ni kilele cha msimu. Kwa usiku mmoja ndani ya jumba lile usitegemee kulipa chini ya dola 500, na mara nyingi ni zaidi sana, kodi ikiongezwa juu yake. Isitoshe, kati ya Novemba na Februari familia tajiri hukodi hoteli nzima kwa ajili ya harusi, na siku hizo hakuna chumba hata ukiwa na fedha mkononi. Asiyelala humo, au asiye na miadi ya mlo, haruhusiwi kuingia kutazama tu. Jag Mandir, kwa upande mwingine, hufikiwa na mtu yeyote kwa tiketi ya boti. Ndicho kisiwa alikopewa hifadhi Shah Jahan, wakati huo akiwa bado mwanamfalme aliyemwasi baba yake, miaka mingi kabla hajajenga Taj Mahal.

Ushauri wangu ni huu, na ninausema nikiwa na uhakika nao: fedha zenu nyingi zielekezeni kwenye haveli, si kwenye makasri makubwa. Haveli ni nyumba ya kale ya mfanyabiashara au mkuu wa baraza, iliyojengwa kuzunguka ua wa ndani. Mtu aliyewahi kuingia nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe kule Zanzibar, yenye kuta nene za chokaa na mlango wa nakshi, amekwisha kuiona nusu ya haveli. Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa na vyumba kumi na moja. Bwana mwenye nyumba, mzee wa miaka sabini na kitu, aliishi ghorofa ya juu na mkewe, na kila jioni alishuka uani kunywa chai na wageni. Kila chumba kilikuwa na dirisha lililotokeza nje ya ukuta kama kiota, wenyewe huliita jharokha, lenye godoro jembamba na mito miwili ya duara, na vioo vya rangi ambavyo jua la saa tisa lilipovipiga, sakafu yote iligeuka nyekundu na kijani. Wageni waliokuwa wamepanga kutwa nzima ya matembezi walikuwa wakikaa pale dirishani hadi jioni. Nyumba za aina hiyo hutoza kati ya dola 60 na 150 kwa usiku, mara nyingi pamoja na kifungua kinywa.

Ngazi ndilo jambo gumu. Haveli hazikujengwa na lifti, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama, na milango mingi ina kizingiti kirefu na kizingiti cha juu kilichoshuka, kiasi kwamba unainua mguu na kuinamisha kichwa kwa wakati mmoja. Mwandikie mwenye nyumba kabla ya kulipa, umwombe chumba cha chini, na usiridhike na jibu la "tutaangalia". Vyumba vya chini huwa na mwanga hafifu na mara chache huona ziwa, kwa hiyo uliza kama kuna baraza au bustani ya kukaa upande wa maji.

Jambo jingine ambalo watu wa kwetu hawalitarajii ni baridi. Rajasthan, jimbo lenye miji hii ya Udaipur, Jodhpur na Jaipur, hupita nyuzi 40 mwezi Mei, lakini usiku wa Januari joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kuta zile nene zilijengwa kuzuia joto, hivyo ndani panakuwa na ubaridi wa kisima. Chukueni masweta mazito na soksi za kulalia, na mwombe mablanketi ya ziada siku mnayofika.

Njia ningeipanga hivi. Ingieni India kupitia Mumbai na muiepuke Delhi, kwa sababu Desemba na Januari ukungu wa Delhi huchelewesha ndege na treni kwa saa nyingi. Mumbai laleni usiku mmoja, na mkipata nafasi mkanywe chai katika hoteli ya Taj Mahal Palace, iliyofunguliwa mwaka 1903 na Jamsetji Tata, mkabala na lilipo leo lango la Gateway of India. Kesho yake ndege ya saa moja na kitu iwapeleke Udaipur, mkae siku tano. Kisha gari iwapeleke Jodhpur, mkipitia Ranakpur kwenye hekalu la Wajaini, waumini wa dini ya kale ya India, la karne ya 15 lenye nguzo za marumaru 1,444, ambazo huwezi kukuta mbili zenye nakshi zinazofanana. Jodhpur siku mbili, Jaipur siku tatu. Mkiwa Jaipur tarehe 14 Januari mtakuta sikukuu ya tiara, wazee kwa watoto wako juu ya mapaa, anga yote imejaa karatasi za rangi, na hata wahudumu wa hoteli hawataki kushuka.

Jodhpur mtaona Umaid Bhawan, lenye vyumba 347. Lilianza kujengwa mwaka 1929, wakati wa ukame, ili maelfu ya watu wenye njaa wapate kazi na ujira, na likamalizika 1943. Mpaka leo limegawanyika: familia ya kifalme inaishi sehemu moja, sehemu nyingine ni hoteli, na nyingine ni makumbusho ambayo mtu huingia kwa tiketi ya bei ndogo. Kulala humo ni ghali kama jumba la ziwani, lakini makumbusho yanatosha kukuonyesha jinsi mawe yalivyochongwa yakashikana bila saruji.

Fundi Boti, Kirumba

Ndugu Mwalimu, nikupe yaliyotupata ili usiyarudie. Mwaka 2019 tulikwenda kumtembelea kijana wetu aliyekuwa akisoma Pune, tukaamua kupitia Jaipur. Nilipanga kwa intaneti hoteli iliyojiita kasri, picha yake ikionyesha upinde wa mlango na tembo aliyepambwa. Tulipofika usiku tulikuta jengo jipya la zege la ghorofa nne kando ya barabara kuu, upinde wenyewe ni wa jipsamu, na malori yanapita chini ya dirisha hadi asubuhi. Nilipouliza jengo lilijengwa mwaka gani, kijana wa mapokezi alisema kwamba ni la mtindo wa kifalme. Fedha ya usiku wa pili na wa tatu haikurudi.

Asubuhi tulihama tukaenda mji wa ndani, kwenye nyumba ya bibi mmoja mwenye vyumba sita. Nilimwandikia nikiwa bado mezani kwa kifungua kinywa, nikamuuliza nyumba ilijengwa lini, nani aliishi humo, na sasa anaishi nani. Akanijibu kwa ukurasa mzima: babu yake mkwe alikuwa karani wa hazina ya mfalme, mti wa mwarobaini uani aliupanda siku alipoolewa, na chumba cha mwisho kushoto tusikichukue kwa kuwa njiwa wana kelele.

Mimi kazi yangu ni mbao na rangi, kwa hiyo macho yangu huenda kwenye umaliziaji wa kazi ya fundi. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa mweupe na unang'aa, nikadhani ni vigae. Nikapitisha kiganja, hapakuwa na kiungo hata kimoja. Bibi akaeleza kwamba ni chokaa iliyochanganywa na unga wa marumaru, ikapakwa tabaka juu ya tabaka, kisha fundi akaisugua kwa jiwe la akiki hadi ikawa laini kama ndani ya kome. Kazi hiyo wenyewe huiita araishi. Ina zaidi ya miaka mia, na haijapakwa rangi tena tangu ilipomalizika. Nilikaa naitazama ile kona ya ukuta inapokutana na dirisha, ambapo fundi wa kawaida hukosea, na sikuona kosa.

Jambo la kukusaidia: wizara ya utalii ya India inapoitambua hoteli rasmi kuwa ya urithi, sharti mojawapo ni kwamba jengo liwe limejengwa kabla ya mwaka 1950. Waulize kama wana cheti hicho. Nyumba ndogo nyingi za kweli hawanacho, lakini mwenye cheti huwa anafurahi kukionyesha.

Mama Mstahiki, Bukoba

Mwalimu, hongera kwa miaka 35, na Mungu azidi kumpa mama afya. Ningependa kuutetea upande wa kusini, maana kila mtu hukimbilia Rajasthan kana kwamba India nyingine haina majumba.

Kutoka Chennai mnayoijua, kama kilomita 400 kusini, kuna eneo la Chettinad, karibu na mji wa Karaikudi. Wenyeji wake, Wachettiar, walikuwa wafanyabiashara na wakopeshaji waliovuka bahari hadi Burma na Malaya, na faida waliijengea nyumba kijijini kwao: nguzo za mti wa msaji kutoka Burma, marumaru kutoka Italia, na ua unaofuatwa na ua mwingine hadi nyumba inatokea mtaa wa pili. Baadhi sasa ni hoteli, nyingi zina vyumba vya chini, na chakula chake chenye pilipili manga na binzari kitamkumbusha mama jikoni la pwani.

Kisha kuna Kerala. Mji wa Kochi una nyumba za Wareno, Waholanzi na Waingereza zilizogeuzwa hoteli ndogo, na kanisa ambamo Vasco da Gama alizikwa kwanza mwaka 1524 kabla mifupa yake haijahamishiwa Ureno, yule yule aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498. Kutoka hapo mnashuka Alappuzha mkalale ndani ya boti. Boti zile huitwa kettuvallam, maana yake boti ya kufungwa, kwa sababu mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari. Wazee wa pwani yetu walikuwa na mtepe uliounganishwa kwa njia hiyo hiyo. Zamani boti hizi za Kerala zilibeba mpunga. Sasa zina kitanda, jiko na mpishi, na hakuna ngazi zaidi ya ile ya kupandia. Januari kusini hakuna baridi.

Mjukuu wa Kutch, Mwanza mjini

Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alikuja Mwanza kutoka Kutch, Gujarat, na mimi huenda huko kila baada ya miaka michache, basi niongeze machache ya makaratasi. Viza ya utalii ya India huombwa kwa intaneti, nanyi ombeni kupitia tovuti ya serikali ya India peke yake, kwa kuwa kuna tovuti nyingi za watu binafsi zinazofanana nayo na kutoza mara mbili. Zile za matibabu mlizopewa zamani hazitumiki kwa matembezi. Kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe ndani ya pasipoti. Kila hoteli hulazimika kusajili wageni wa kigeni, kwa hiyo pasipoti msiziache ndani ya mizigo. Taj Mahal, kama mtabadili njia mkaenda Agra, hufungwa siku ya Ijumaa.

Siku nyingine mkipata nafasi, nendeni Mandvi, mji wa bandari huko Kutch. Bado wanajenga majahazi ya mbao ufukweni, ya aina ile ile iliyowaleta wazee wetu Zanzibar, na Ndugu Fundi Boti wa hapo juu angekaa wiki nzima.

Mtu wa Ukerewe

Nawasalimu wote. Sina nia ya kumkatisha tamaa Mwalimu, lakini kila ninaposoma habari hizi naumia. Bukindo, kwetu Ukerewe, kuna ikulu ya zamani ya watemi wetu, jengo la ghorofa, na mgeni anayelala kisiwani kwa ajili yake ni wa kuhesabu. Watemi wa nchi hii waliondolewa madaraka kisheria mwaka 1963, miaka minane kabla ya wale wa India kufutiwa posho. Kwa nini wao majumba yao yaliishi?

Dada wa Kapripoint

Kaka, swali lako nimejiuliza mara nyingi nikiwa kule. Jibu moja ninaloliona ni kwamba wafalme wengi wa India walibaki wakiyamiliki majengo wao wenyewe, na waliweza kukopa, kuingia ubia na kampuni, au kuuza shamba ili wazibe paa. Mwenye nyumba alikuwa na sababu ya kuamka asubuhi akaangalia ufa. Palipokosekana mwenyewe, hata India majumba yameanguka, na ukipita Shekhawati, kaskazini mwa Jaipur, utaona haveli zilizochorwa kuta nzima, nyingine zimefungwa kwa kufuli lenye kutu, mbuzi wako uani. Jengo la Bukindo nililitembelea mwaka juzi, na baraza yake ya juu inafaa kabisa kuwa mahali pa mgeni kunywa chai akilitazama ziwa. Ningefurahi tulizungumzie kwenye mada yake yenyewe, kwa kirefu.

Mwalimu wa Nyegezi

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu yote kwa sauti, mke wangu akisikiliza, mara mbili. Mama wa Bukoba, kusini kumemvutia, hasa zile boti zilizoshonwa, lakini amesema tiketi yenye neno Chennai asiione tena kwa sasa, na mimi nimemwelewa. Tunaelekea Udaipur.

Kijana wetu mkubwa anapendekeza tuongeze Jaisalmer, tulale ndani ya ngome yenyewe ya jangwani. Je, inafaa?

Dada wa Kapripoint

Mwalimu, kaiangalieni, lakini msilale ndani yake. Ngome ile ilianzishwa mwaka 1156, na ni ya pekee kwa sababu maelfu ya watu bado wanaishi humo. Imekaa juu ya kilima ambacho ndani yake mna tabaka za udongo wa mfinyanzi. Kwa karne nyingi maji yalibebwa kwa mtungi, na kila tone lilikuwa na kazi. Yalipokuja mabomba, vyoo vya kuvuta na hoteli nyingi ndani ya kuta, maji machafu yakaanza kupenya chini, udongo ukalainika, na baadhi ya minara ya ukuta imeporomoka. Kila bafu la mgeni linaongeza mzigo huo. Mjini chini, nje ya ngome, kuna haveli nzuri za mawe ya manjano, na ngome yenyewe huonekana vizuri zaidi kutoka huko. Kwa sababu ya goti la mama na uchache wa siku mlizo nazo, ningeiacha kwa safari nyingine.

Mwalimu wa Nyegezi

Jaisalmer tumeiacha. Nimefuata maswali matatu ya Ndugu Fundi Boti, nikayapeleka kwa nyumba nne za Udaipur. Mbili zilinitumia bei tu. Ya tatu haina chumba cha chini. Ya nne wamejibu kwamba nyumba ilijengwa na tabibu wa maharana, kizazi cha sita ndicho kinachoishi humo sasa, na chumba cha chini kipo, kina ngazi tatu kutoka uani na moja ya kizingiti, na mjukuu wao atakuwa akimshika mama mkono. Wameambatanisha picha ya hizo ngazi tatu, na fimbo ya kupimia imesimamishwa kando yake ili tuone kimo. Nimelipa usiku tano.

Watoto walikuwa tayari kuongeza fedha ili tulale usiku mmoja ndani ya jumba lile jeupe. Mke wangu amekataa. Amesema ukiwa ndani yake hulioni, na yeye alichotaka tangu siku ile ya basi ni kuliona. Chumba chetu hakitazami ziwa, lakini mwenye nyumba ameandika kwamba kuna baraza nyuma, na kutoka kwenye kiti cha mwisho kulia jumba lote linaonekana.

Limebaki jambo moja. Boti ya Jag Mandir hupandwa wapi, na twende saa ngapi?

Dada wa Kapripoint

Hupandwa Rameshwar Ghat, ndani ya eneo la kasri la mji, City Palace, na hapo gati lina ngazi, kwa hiyo mama aende taratibu. Januari jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni. Boti ya saa kumi na moja ndiyo nzuri, lakini tiketi zake huwahi kwisha, nunueni mapema. Mkipanda, kaeni upande wa kulia.